Sweta ya Kulishia Vicheche

Jikoni, Wearhead
Jumapili, 11 Septemba 1988

Cuddy,

Barua hii nimeiweka chini ya chombo cha chumvi kwa sababu ndicho kitu pekee jikoni unachokigusa bila kuambiwa. Ukiisoma, Tot wa jirani atakuwa ameshanifikisha uwanja wa ndege Newcastle, na wewe utakuwa umetoka kanisani ukishangaa eti nyumba mbona kimya. Najua ulikwenda ibada ya asubuhi ili usiniage. Miaka arobaini na moja ya ndoa, hujawahi kwenda ibada ya asubuhi.

Haya, sikiliza. Nakwenda Australia miezi mitatu, binti yetu Maureen ajifungue, nimshike mjukuu, nirudi kabla ya Krismasi. Kwa miezi hiyo vicheche ni wako. Najua unawaita panya warefu. Wao hawajali, ila wanataka kula, na hawali kama wewe.

Nyama mbichi, Cuddy. Mbichi. Usipike hata kidogo, maana mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali na kuwachana matumbo. Tumia ile mizani yako ya unga. Sehemu nane nyama, sehemu moja mfupa laini wanaoweza kuutafuna, sehemu moja maini na figo. Usizidishe maini eti kwa sababu wanayapenda. Moyo uhesabu kama nyama, na usipitishe wiki bila moyo, kwa sababu bila huo mioyo yao wenyewe hulegea. Yai bichi Jumapili. Tot atakuletea sungura mzima mara mbili kwa wiki. Huyo uwape na manyoya yake, usimvue.

Wanaficha chakula. Pekua pembe zote kila siku, la sivyo nyumba itakusimulia yenyewe kwa harufu.

Na USIWAPE MKATE NA MAZIWA. Najua baba yako alifuga hivyo, na Baba yangu pia, bonde zima lilifuga hivyo, na bonde zima likawa linazika vicheche wenye kuhara. Wewe ni mwokaji mikate, utaona huruma, utasema kipande kidogo hakidhuru. Kinadhuru.

Ndani ya friza, rafu ya kushoto ni ya vicheche, ya kulia ni yako. Kuna pai sita za nyama na figo. Usichanganye.

Gaffer na Dolly hawasumbui, lakini mtazame Bess kwa namna ya pekee. Ndiye wa mwisho aliyetoka mikononi mwa Baba.

Wako,
Ivy


Wearhead
Jumapili, 2 Oktoba 1988

Ivy,

Nashukuru umefika. Ile simu hatukusemezana kitu, wewe unapiga kelele, mimi napiga kelele, utadhani tunaitana ng'ambo ya bonde. Afadhali barua.

Panya wako wazima. Nilikanda unga miaka arobaini na mikono yangu haikuwahi kunuka kitu kibaya kuliko hamira. Sasa natia mkono ndani ya sungura mpaka kiwiko na Gaffer ananing'inia kwenye suruali yangu akidai haki yake. Nilikwenda bucha nikaomba mioyo minne ya kondoo. Jamaa akaniuliza, "Cuddy, una wageni?" Nikamwambia ndiyo, watatu, wafupi, na hawatumii uma.

Na Tot hana adabu. Alisimama mlangoni na sungura wake, akasema kwa sauti ya kusikiwa mtaa mzima, "Mwanaume mke wake yuko ugenini na yeye amejaza vicheche watatu ndani! Nitamwandikia Ivy." Mke wa mchungaji alikuwa anapita. Nimeinama hata sijui niliinamia nini.

Wanaficha kweli. Juzi niliingiza mguu kwenye kiatu cha kanisani nikakuta ini. Nililikuta kwa vidole vya mguu, Ivy.

Nane, moja, moja, napima kila siku. Mizani haijafanya kazi hivi tangu nistaafu. Ila fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo usiniandikie kurasa tano nyingine za maagizo.

Dolly analala mlangoni siku hizi, pale unapovulia viatu. Gaffer ananusa kiti chako kila akitolewa bandani. Sijui wanatafuta nini.

Baridi imeanza.

Cuddy


Toowoomba, Queensland
14 Oktoba 1988

Mzee wangu,

Nilicheka ile ya ini mpaka Maureen akatoka chumbani akidhani nalia.

Huku ni joto tangu saa mbili asubuhi. Mbele ya nyumba kuna miti imejaa maua ya zambarau, hayana majani hata moja, na yanaanguka siku nzima. Kila mtu ananiambia nitazame maua. Nimeyatazama. Mtoto bado, Maureen amevimba miguu na ananigombeza nikishika ufagio, kisha ananigombeza nikikaa.

Umesahau kuniambia habari za Bess. Umeandika Gaffer, umeandika Dolly. Bess je? Usijaribu kumpa vifaranga vile vya kugandishwa. Gaffer na Dolly niliwaonjesha kila kitu walipokuwa wadogo, ndiyo maana hawachagui. Kicheche anajifunza chakula kwa pua kabla hajatimiza nusu mwaka. Kile alichokinusa wakati huo ndicho chakula mpaka kufa. Kingine chote, hata ukimwekea mezani kwa malkia, kwake ni soksi. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi. Bess alilelewa na Baba, na anajua sungura tu, na ule uji wa Baba wa mkate ambao sitaki kuusikia. Kuku hajui kwamba ni nyama. Nimemjaribu miaka minane.

Nami nadhani niko hivyo. Maureen amenunua chai nzuri, ya bei, ya majani makubwa. Nainywa, lakini ulimi unauliza chai iko wapi.

Zile pai umezimaliza? Hukusema.

Ivy


Wearhead
Jumapili, 30 Oktoba 1988

Ivy,

Maureen alipiga simu nikasikia mtoto analia huko nyuma. Wamemwita Hannah, jina la mama yangu. Nikasema simu ni mbovu. Haikuwa mbovu. Mwambie.

Bess yupo. Analala sana na anachagua chagua. Sungura anamlamba, anamwacha. Tot anasema ni uzee tu.

Sasa kuna jambo la ajabu nikueleze. Wiki iliyopita Gaffer aligoma kula. Nimepima vizuri, moyo upo, figo lipo, sungura wa jana yake. Akanusa, akanigeuzia mgongo, akakaa. Dolly akaona kiongozi amegoma naye akagoma. Siku mbili, Ivy! Nikajaribu kubembeleza, nikajaribu kutukana. Siku ya tatu kulikuwa na baridi nikavaa ile sweta yako ya kijani iliyo nyuma ya mlango, ile yenye viraka viwiko. Nilivyoinama tu kuweka sahani, Gaffer akaja mbio akala yote, na Dolly akafuata.

Tangu hapo naivaa kila asubuhi. Nisipoivaa hawagusi. Nimeijaribu mara tatu kwa uhakika. Ni harufu yako wanayoitaka, si mimi. Inanibana mabegani na Tot amenicheka vya kutosha, lakini ndio hivyo, bila sweta hakuna kula nyumba hii.

Sijaifua. Naogopa nikiifua itakuwaje.

Tarehe 3 Desemba nitakuja mwenyewe Newcastle na Tot. Nitavaa sweta usije ukanipotea.

Cuddy


Toowoomba
12 Novemba 1988

Cuddy,

Barua hii nimeianza mara nne.

Hannah ana wiki nne. Anafanana na wewe akiwa amenuna. Nikimshika kifuani analala palepale, na Maureen ananitazama kwa macho ambayo hajanitazama nayo tangu awe na miaka kumi. Jana aliniambia, "Mama, baki." Si mpaka Krismasi. Kubaki kabisa. Kuna chumba nyuma ya nyumba, kina mlango wake, na mume wake amesema atakiongezea dirisha. "Baba ni mstaafu," akasema, "anangoja nini kule? Mwandikie aje."

Nikaenda kuanika nepi. Lakini tiketi nimeisogeza mpaka mwisho wa Februari, kwa sababu nisingeweza kumwacha wiki hizi, na nimemwahidi nitakuuliza. Nakuuliza.

Vicheche hawaruhusiwi huku Queensland, hata mmoja. Sheria. Tot atawachukua, ana banda na ana akili zaidi ya anavyoonekana. Kwa hiyo usinijibu kwa habari za vicheche, Cuddy. Nijibu habari zako wewe. Ungependa nini? Mwaka jana Maureen alipotuita sote wawili ulisema, "Nani atawalisha hao?" na mazungumzo yakaishia hapo. Wewe, uliyekuwa ukiwaita panya.

Kuna jioni nakaa nje na watu wanapita wananisalimia vizuri, na nasikia kama koti la mtu mwingine liko mabegani mwangu. Lakini mtoto akilia nasahau. Sijui niko upande gani. Niambie upande wako niujue wangu.

Bess hajambo? Niambie ukweli.

Ivy


Wearhead
Jumapili, 27 Novemba 1988

Ivy,

Barua yako nimeipata.

Theluji imeanguka wiki tatu sasa, na njia ya juu imefungwa. Tot anaumwa mgongo hawezi kwenda kuwinda, kwa hiyo sungura hakuna, natumia shingo za kuku na vifaranga vya friza. Naongeza moyo wa ng'ombe nikipata. Nane, moja, moja, sijaacha. Nimewakuta wameficha shingo tatu nyuma ya kabati la vyombo, kwa hiyo wameshiba.

Gaffer ameongezeka uzito. Dolly ameota manyoya ya baridi, amekuwa mweupe kuliko mwaka jana. Bess naye mzima kabisa, amechangamka, juzi alikula kifaranga mzima na mguu wake, akataka kingine. Usiwe na wasiwasi kuhusu Bess.

Hilo la Maureen nalifikiria. Ni jambo zuri, mtoto anahitaji bibi. Chumba chenye mlango wake ni kitu kizuri. Wewe ufanye linalokufaa, mimi sitasimama njiani mwa mtu. Ila Gaffer, sijui Tot ataweza vipi, kwa sababu bila sweta yako hali, na Tot hawezi kuenea kwenye sweta hiyo hata mkono mmoja. Gaffer anakukumbuka sana. Dolly pia. Ukiwaona mlangoni utawahurumia.

Februari si mbali.

Cuddy


Toowoomba
6 Desemba 1988

Cuddy,

Bess hajawahi kula kuku maisha yake yote.

Amekufa lini?

Ivy


Wearhead
Jumapili, 18 Desemba 1988

Ivy mpenzi,

Jumamosi tarehe 19 Novemba, asubuhi, saa tatu hivi.

Nitakuambia yote na wewe ufanye utakavyo. Mimi ndiye niliyemuua.

Tangu mwanzo wa Novemba alikuwa akikataa sungura. Sungura wa kwanza aliyekataa alikuwa mzuri, wa Tot, wa asubuhi ileile. Nikamsagia nyama, nikampashia moto kidogo kwa kiganja ili inuke, kama ulivyofanya alipoumwa meno. Akatazama pembeni. Ukaja ule mfululizo wa theluji, sungura wakaisha, na kuku kama unavyojua. Siku nne hakuweka kitu mdomoni, ukimshika unahesabu mbavu. Nikampa mkate na maziwa. Nilijua umeandika kwa herufi kubwa. Barua yako iko hapa chini ya chumvi, naiona kila siku.

Alikula, Ivy. Alilamba kidoleni kwangu, kisha akaingiza uso wote, mpaka masharubu yakawa meupe. Akaja mapajani akalala. Miaka minane hajawahi kuja mapajani kwangu. Nikampa siku ya pili, na ya tatu, na wiki nzima, kwa sababu alikuwa anakuja mwenyewe. Kisha akaanza kuhara, na tarehe 19 nikamkuta.

Nilimzika chini ya ukuta wa mawe pale jua linapofika kwanza, ndani ya lile bati la keki lenye waridi. Ardhi ilikuwa imeganda, Tot akaja na mtaimbo, mgongo wake na yote, na hakusema mzaha hata mmoja.

Nilikudanganya kwa sababu Bess ndiye kitu cha baba yako kilichobaki hapa. Nikasema moyoni, akijua Bess hayupo, atarudi kwa ajili ya nini? Hiyo ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine.

Hao wawili wazima. Bado wanataka sweta.

Nisamehe. Krismasi njema kwako na kwa Maureen na kwa mtoto.

Cuddy


Toowoomba
29 Desemba 1988

Cuddy,

Kaa chini kwanza.

Bess alikuwa na uvimbe tumboni. Mwezi wa nane nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, siku ile nilipokuambia nakwenda kununua nyuzi za kufumia. Akasema miezi mitatu, labda minne, na kwamba kumpasua akiwa na umri ule ni ukatili. Nilirudi nyumbani nikapika, nikakaa kimya. Nilijua ukijua utaniambia nisiondoke, au utaniambia niondoke, na sikutaka lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo nilipanda ndege nikijua. Nilikuachia kazi ya kumzika Bess bila kukuambia kwamba nimekuachia. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kimenifichua mimi, si wewe. Nikakuuliza "Niambie ukweli" kama hakimu! Naona haya hata kuandika.

Hukumuua. Uvimbe ulimuua. Na huo mkate, sikiliza nikuambie huo mkate ni nini. Baba aliwalea watoto wote wa kicheche kwa uji wa mkate na maziwa wiki zao za kwanza, kabla hajawapa sungura. Nilibishana naye mpaka akafa. Bess aliunusa huo kabla hajafumbua macho vizuri. Alipokataa kila kitu alikuwa amebakiwa na chakula kimoja tu anachokijua, na wewe ukampa. Na Baba alikuwa ananunua mkate wapi, Cuddy? Bonde zima lilikuwa na tanuri moja. Harufu ya kwanza aliyoijua yule mnyama ilikuwa mkate wako. Ndiyo maana alikuja mapajani. Alikuwa anakujua siku zote.

Nimelia, nimemaliza. Sasa jambo la pili.

Nimefuga vicheche tangu nina miaka saba. Kicheche anajua chakula kwa harufu ya chakula. Hajali nani kakiweka. Gaffer angekula kutoka mkononi mwa postamasta. Gaffer angekula mkono wenyewe. Hakuna kicheche duniani anayegoma kwa ajili ya sweta.

Kwa hiyo nimezitoa barua zako zote nikazisoma tena hapa barazani, moja baada ya nyingine. Ulipokuwa jeshini Misri mwaka arobaini na sita uliniandikia kurasa nne juu ya supu. Kila ulikokwenda maisha yako yote ulinieleza ulikula nini, na kama kilikuwa na chumvi. Safari hii umeniandikia barua nne. Moyo wa kondoo umo, shingo za kuku zimo, mpaka ini la kwenye kiatu limo. Wewe hujala hata mara moja. Nilikuuliza pai, hukunijibu.

Nani amegoma kula nyumba hiyo, mzee wangu?

Na nani anayekaa mlangoni? Umeniandikia Dolly ananitafuta na Gaffer ananikumbuka. Hujaniandikia hata mara moja "Rudi." Nilisogeza tiketi nikingoja neno hilo. Maureen ananiambia baki kila siku, na ni rahisi kumfuata anayesema. Ukisema "fanya linalokufaa," nasikia kwamba kwako ni sawasawa tu.

Kama ni sawasawa, niambie hivyo. Kama si hivyo, niambie hivyo. Lakini useme wewe. Usimtume Gaffer.

Ivy


Wearhead
Jumapili, 8 Januari 1989

Ivy,

Nimekaa chini kama ulivyosema.

Nimekuwa nakula mkate na maziwa. Asubuhi na jioni, tangu mwezi wa tisa. Nauloweka kwenye bakuli lile la buluu na kuula kwa kijiko nikiwa nimesimama. Pai zote sita zipo rafu ya kulia, sijagusa hata moja, kwa sababu ulizipika wewe na zikiisha zitakuwa zimeisha. Bakuli aliloingiza uso Bess lilikuwa langu. Nilikuandikia kama kwamba nilimwandalia. Sikumwandalia. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kidogo, akapanda mapajani akala changu, na mimi nikamwachia, tukawa tunakula wote wawili bakuli moja kama wazee wa makao ya kanisa. Ndiyo alifurahi, na mimi nilifurahi, na hilo ndilo lililonifanya nione ni dhambi.

Gaffer hajawahi kugoma hata siku moja. Nilitaka kuivaa sweta na sikujua nikuambie vipi.

Leo nimetoa pai moja. Nimeipasha moto, nimekaa mezani, nimekula yote. Chumvi imepungua kidogo. Jana Tot alinipa sungura wa pili akasema huyu si wa panya, mkaange na vitunguu, nikamkaanga. Kesho nitakula yai. Unaona, najua kupima.

Sasa lile neno. Nimeandika karatasi tatu nikazitia kwenye moto, na Tot yuko mlangoni anangoja kuipeleka posta. Sina maneno mazuri, wewe unajua.

Rudi, Ivy. Si kwa ajili ya Gaffer wala ya Dolly. Mimi ndiye ninayekaa mlangoni. Nilikwenda ibada ya asubuhi ile kwa sababu ningekaa nyumbani ningekushika mkono usiondoke, na mtoto alikuwa anakuja. Ukiona huwezi kumwacha Hannah, basi sema, nitampa Tot vicheche na nitakuja huko kwenye joto na maua yenu. Popote. Lakini kama ni mimi ninayechagua, rudi nyumbani.

Cuddy wako


Postikadi. Uwanja wa ndege, Singapore
12 Januari 1989

Cuddy, niko njiani. Kama umeniandikia sijaipata, na sikuweza kungoja posta. Nimechoka kuhesabu siku za barua. Maureen alilia, kisha akanifungia sanduku mwenyewe. Watakuja kiangazi, wote watatu. Hata kama ni sawasawa kwako utanivumilia, kwangu mimi si sawasawa. Nimemwachia mtoto harufu yangu kwenye shuka lake ili anijue. Pengine nitafika kabla ya kadi hii. I.


Jikoni, Wearhead
Alhamisi, 26 Januari 1989

Cuddy,

Uko kwa Tot na sijui utarudi saa ngapi, kwa hiyo naandika, tumeshazoea.

Posta imepita. Maureen ameirudisha barua yako ya tarehe nane, imefika kule siku tano baada ya mimi kuondoka. Imekwenda mpaka mwisho wa dunia na kurudi kunisomea kitu ambacho umelala nacho wiki mbili pembeni yangu bila kukisema. Nilikuwa nakungoja ukiseme. Kila asubuhi ulikuwa unasema, "Chai ipo."

Nimeisoma nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa. Nimeiweka chini ya chumvi, juu ya ile yangu.

Nimekwenda pale ukutani kwa Bess. Umepachagua vizuri, jua lilikuwa limefika.

Sweta yako ya kijani, ndiyo, yako sasa, nilikuwa nimeitia kwenye maji ya sabuni nikaitoa kabla haijazama. Inanuka ini, na sungura, na unga kidogo kwenye viwiko. Hakuna hata chembe yangu iliyobaki humo, mzee. Ni wewe mtupu. Nimeivaa hivyohivyo nikaenda kuwalisha, na Gaffer hakunitazama hata usoni, amekwenda moja kwa moja kwenye moyo wa kondoo.

Friza nimeijaza. Kushoto ni ya vicheche, kulia ni yetu. Usile kabla sijarudi, nimetoka kununua vitunguu tu.

Ivy